Karatasi au Kioo: Ramani Gani ya Bahari Inafaa Boti Yako?

Chukua rula, unganisha Nungwi na mlango wa Mto Pangani kwa mstari mmoja ulionyooka. Umbali wake ni maili za baharini 26 hivi, safari ya asubuhi moja kwa boti ya faiba yenye mashine nzuri. Ukiufuata mstari huo bila kuuliza, kabla hujaiona vizuri minazi ya Pangani utakuwa ubavuni mwa fungu la Maziwe, au juu yake. Zamani Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni mchanga mtupu uliozungukwa na matumbawe. Maji yakipwa unauona. Yakijaa unazama, na kinachobaki ni rangi ya maji iliyobadilika kidogo, nayo huioni kama jua linakupiga machoni.

Nimevuka hapo msimu wa kusi nikiwa abiria. Nahodha alikuwa amefunga simu yake kwenye ubao karibu na usukani, programu ya ramani imewashwa, na boti yetu inaonekana kama mshale mdogo unaotambaa. Ilipofika saa tano, jua likiwa kali, simu ilitoa onyo la joto na kioo kikazimika. Nahodha hakusema neno. Alifungua sanduku, akatoa ramani ya karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, akatazama alama ya penseli aliyoiweka nusu saa kabla, akaisoma dira, kisha akageuza omo kidogo. Alilipita fungu kwa upande wa kaskazini, ili mkondo utusukume mbali nalo badala ya kutubeba juu yake. Simu ilipopoa na kuwaka tena, ilituonyesha karibu palepale alipokuwa amekisia.

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa na wenye boti kama wanunue ramani za karatasi au za elektroniki, nawaambia swali lenyewe linahitaji hesabu. Karatasi ina gharama zake na kioo kina gharama zake, na nyingine hazionekani siku ya kununua. Hapa nimeziweka wazi, kwa anayesafiri mwambao wetu kutoka Lamu hadi Mtwara, na visiwa vyake.

Unanunua kipimo, hununui picha

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kudhani kwamba ramani ya kwenye simu ni mpya kwa sababu simu ni mpya. Ramani ya bahari, iwe ya karatasi au ya kioo, imesimama juu ya kazi ya watu waliokwenda mahali hapo wakapima kina. Ramani rasmi za pwani yetu zinazotumiwa na meli huchapishwa na Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza, kwa jina la Admiralty. Kazi ya kupima mwambao huu ilianza zamani: kati ya 1822 na 1826 Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alipima sehemu kubwa ya pwani ya Afrika kwa meli za Leven na Barracouta. Enzi hizo walitumia bildi, yaani kamba yenye risasi mwishoni inayoteremshwa hadi chini. Bildi hupima pale inapogusa tu. Mwamba ulio kati ya mguso mmoja na mwingine unaweza usionekane kabisa.

Bandari kubwa kama Mombasa, Dar es Salaam na Tanga zimepimwa upya kwa vyombo vya kisasa, maana meli kubwa huingia humo. Lakini nje ya njia za meli, kwenye mafungu na milango midogo, zipo sehemu ambazo ramani zake bado zinategemea vipimo vya zamani. Kampuni inayotengeneza ramani ya simu huchukua vipimo hivyohivyo na kuviweka kwenye kioo. Rangi zinakuwa nzuri zaidi, lakini mwamba ambao haukupimwa unabaki haujapimwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tazama umri wa vipimo. Kwenye karatasi ya Admiralty utakuta mchoro mdogo unaoonyesha kila sehemu ilipimwa mwaka gani na kwa njia gani. Kwenye ramani rasmi za elektroniki kuna madaraja ya uhakika. Daraja A1 maana yake mahali pa kitu pamekosewa kwa mita 5 hivi tu. Daraja B ni mita 50. Daraja C ni mita 500, na D ni mbaya zaidi. Nahodha aliye kwenye eneo la daraja C akipita mita 100 kutoka mwamba kwa kuamini kioo, anacheza na maisha ya watu, hata kama GPS yake inampa mahali alipo kwa usahihi wa mita 5.

Karatasi: bei, faida na kazi yake

Karatasi moja ya Admiralty haipatikani kwa chini ya pauni 25 kwa mawakala wengi, na usafirishaji unaongeza. Kwa hesabu ya makala haya nimechukulia pauni 30 kwa karatasi, na pauni moja kwa shilingi 3,300 za Tanzania. Hiyo ni karibu shilingi 100,000 kwa karatasi moja. Anayetembea kati ya Tanga, Pemba na Unguja anaweza kuhitaji karatasi 3 au 4: moja ya eneo zima, na nyingine za kipimo kikubwa kwa milango na bandari anazoingia. Tuseme 4. Ni shilingi 400,000.

Juu ya hapo kuna penseli laini, rula sambamba na bikari ya kupimia umbali. Ni vitu vya bei ndogo na vinadumu miaka. Kuna pia kazi ya kusahihisha. Kila wiki ofisi za hidrografia hutoa matangazo ya mabadiliko: boya limehamishwa, taa imezimika, meli imezama mahali fulani. Matangazo hayo hupatikana bure mtandaoni, nawe unayahamishia kwenye karatasi kwa kalamu. Asiyefanya kazi hiyo ana karatasi inayozeeka kila wiki, ingawa kwa macho bado inaonekana mpya.

Faida ya karatasi ni upana wa macho. Unaifungua mezani, unaona Nungwi, Pangani, Maziwe na mlango wa Pemba kwa mtazamo mmoja. Hakuna kitu kinachojificha kwa sababu umekuza au umepunguza picha. Haihitaji betri. Jua haliizimi. Vidole vyenye maji ya chumvi havifanyi igome. Na ukiandika saa na mahali ulipo kila nusu saa, unakuwa na kumbukumbu ya safari ambayo hakuna hitilafu ya umeme itakayoifuta.

Kasoro yake ni kwamba karatasi haikuambii uko wapi. Hilo ulitafute mwenyewe kwa dira, kwa kuangalia minara na vilima, au kwa kusoma namba za GPS na kuziweka kwenye karatasi. Usiku, boti ikiyumba na mvua ikinyesha, kazi hiyo ni ngumu hata kwa mwenye ujuzi. Tena kuna mipaka ya kalamu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:300,000, milimita moja ni mita 300 za bahari. Ncha ya penseli yenye upana wa nusu milimita inafunika mita 150. Ndiyo maana karatasi ya eneo zima haifai kuingilia mlango mwembamba.

Kuna mtego mwingine kwa wanaorithi ramani za zamani. Ramani za Uingereza za zamani zina kina kwa pima, na pima moja ni mita 1.83. Anayezoea pima akishika ramani ya mita bila kuangalia kichwa chake, ataona namba 3 akadhani ana zaidi ya mita 5, kumbe ana 3. Ramani zilizochorwa kabla ya satelaiti pia zinaweza kutofautiana na GPS kwa mamia ya mita, mpaka ufanye marekebisho yaliyoandikwa kwenye karatasi yenyewe.

Simu: rahisi kuingia, ghali kukaa

Wenye boti wengi tayari wana simujanja, kwa hiyo programu ya ramani inaonekana kama kitu cha karibu bure. Programu zinazojulikana kama Navionics, iliyo chini ya Garmin tangu 2017, na C-MAP, huuzwa kwa usajili wa mwaka. Bei hubadilika kwa eneo la bahari unalochagua, ila tegemea dola za makumi kila mwaka. Nimechukulia dola 50 kwa mwaka, na dola moja kwa shilingi 2,500: ni shilingi 125,000. Ukiacha kulipa, huduma huanza kupungua, na kwanza kabisa unakosa masasisho.

Kwa fedha hizo unapata kitu ambacho karatasi haiwezi: mahali ulipo, sasa hivi, ukiwa unasogea. Unaona kama mkondo unakutoa njiani kabla hujafika mbali. Unapata onyo la kina kidogo. Unaweza kuhifadhi njia uliyopita salama leo na kuirudia kesho. Kwa nahodha anayeingia Mkokotoni jioni, au anayetafuta mlango wa mwamba upande wa mashariki wa Unguja, faida hiyo ni kubwa sana, na nisingependa mtu yeyote aidharau.

Lakini kuna mambo manne ambayo muuzaji hakuambii.

La kwanza ni mtandao. GPS yenyewe haihitaji bando. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti bila laini yoyote. Ramani ndiyo inayohitaji intaneti, isipokuwa umeipakua kabla. Wapo walioondoka bandarini ramani ikiwa inafunguka vizuri, wakafika katikati ya mlango wakakuta kioo cha buluu tupu. Pakua eneo lote ukiwa nyumbani, kisha zima data na ujaribu.

La pili ni joto, maji na mwanga. Simu iliyowekwa juani hujizima ili isiharibike. Kioo kilicholowa hakisikii kidole. Jua la saa sita mchana hufanya picha isionekane. Tundu la chaji likila chumvi, simu inakufa taratibu. Kwa hiyo ongeza mfuko usiopitisha maji, pawabenki, na kivuli cha kuikinga. Weka shilingi 65,000 kwa vyote.

La tatu ni ukubwa wa kioo. Kioo cha inchi 6 kinakuonyesha ama eneo pana bila vitu vidogo, ama vitu vidogo bila eneo pana. Hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa, na nitalirudia jambo hili.

La nne ni programu zisizo za bahari. Ramani za kawaida za simu, zile za kutafutia barabara, zinaonyesha bahari kama rangi moja ya buluu. Hazina kina, hazina miamba, hazina maboya. Usimwongoze mtu baharini kwa ramani ya barabarani.

Plota na kompyuta ndogo

Plota ni chombo kilichotengenezwa kwa kazi hii: kioo kinachosomeka juani, kisichoogopa maji, chenye GPS yake na mara nyingi kipima kina kinachotumia sauti. Plota ya inchi 7 yenye kipima kina huweza kugharimu dola mamia kadhaa. Nimechukulia dola 500, yaani shilingi 1,250,000. Ongeza kadi ya ramani ya Afrika Mashariki kwa dola 150, sawa na 375,000, kisha betri, nyaya na fundi. Jumla inakaribia shilingi milioni mbili kabla ya ushuru.

Hapa nasisitiza tahadhari moja. Plota nyingi zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani au Ulaya zina ramani za huko ndani yake. Ukiiwasha Tanga utaona mstari mnene wa pwani na visiwa viwili vitatu, bila kina chochote cha maana. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, asogeze hadi Chumbe au Mafia, akuze, nawe uhesabu namba za kina unazoziona. Kama hakuna namba, hakuna ramani.

Faida ya kipima kina ni kwamba chenyewe hakitegemei vipimo vya zamani. Kinakuambia maji yaliyo chini yako muda huu. Hakiwezi kukuambia kilicho mbele, lakini mahali ambapo ramani ina daraja C, kipima kina ni shahidi wa pili unayemhitaji.

Kwa mwenye boti yenye chumba kikavu kuna njia ya nne. OpenCPN ni programu ya bure ya kompyuta inayosoma ramani za elektroniki za aina nyingi, na inaweza pia kufungua picha za satelaiti zilizogeuzwa kuwa ramani. Ramani zenyewe za mwambao wetu utazilipia. Waendesha boti wa Marekani wana bahati, maana serikali yao huwapa ramani za elektroniki za maji yao bure, sisi bado.

Hesabu ya miaka mitano

Weka vyote kwenye mizani moja, kwa makadirio niliyoyataja:

- Karatasi 4: shilingi 400,000 mara moja, na zana ndogo za kuchorea. Masahihisho ni bure ukifanya mwenyewe, lakini toleo jipya likitoka utanunua tena karatasi hiyo.
- Programu ya simu: shilingi 125,000 mara 5, yaani 625,000, na shilingi 65,000 za kinga na pawabenki. Jumla 690,000, bila kuhesabu simu itakayoharibika kwa chumvi.
- Plota, kadi na ufungaji: kama milioni 2, na masasisho ya kadi kila unapoyahitaji.

Wengi hushangaa wakiiona hesabu hii. Kitu kinachoonekana cha bei nafuu siku ya kwanza, yaani usajili wa simu, kinaipita karatasi ndani ya miaka mitano. Na kinachoonekana cha kizamani kinabaki mkononi mwako bila kulipiwa kila mwaka. Ila usiishie kwenye jumla. Karatasi isiyosahihishwa kwa miaka mitano inaonekana rahisi kwa sababu tu hujalipa kazi yake. Na simu inayokuonyesha uko wapi usiku wa mvua inafanya kazi ambayo karatasi haikufanyii kwa bei yoyote.

Makosa yaliyowagharimu wenye fedha nyingi

Watu hudhani ajali za ramani ni za wasio na vifaa. Bahari yetu ya Hindi ina ushahidi tofauti. Tarehe 29 Novemba 2014, boti ya mashindano ya Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, usiku na kwa kasi kubwa. Ilikuwa na vifaa vya elektroniki vya hali ya juu na mabaharia wa kulipwa. Miamba ile ilikuwepo kwenye ramani zao, ila kwenye kiwango cha picha waliyokuwa wakiitazama haikuonekana kama hatari. Kama wangekuza picha eneo lile, wangeiona. Watu wote 9 walinusurika, boti ilivunjika.

Tarehe 17 Januari 2013 meli ya kivita ya Marekani, USS Guardian, ilipanda mwamba wa Tubbataha nchini Ufilipino. Ramani yake ya kidijitali ilikuwa imeuweka mwamba huo maili kadhaa mbali na ulipo. Meli hiyo ilibidi ikatwe vipandevipande ili iondolewe.

Na tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba wa kusini mashariki ya Mauritius, ikamwaga karibu tani 1,000 za mafuta. Waliokodi meli hiyo walieleza baadaye kwamba mabaharia walisogea karibu na nchi kavu ili wapate mtandao wa simu, na hawakuwa na ramani ya kipimo cha kutosha kujua umbali wa pwani na kina cha maji.

Ajali tatu, sababu tatu: kutokuza picha, ramani iliyokosewa, na ramani isiyo na kipimo kinachotosha. Hakuna hata moja ambayo ingezuiwa kwa kununua kioo kikubwa zaidi. Ya Vestas ingezuiwa na mtu aliyekaa na ramani kabla ya kuondoka, akafuata njia yote kidole kwa kidole, akazungushia kila mwamba kwa penseli. Kazi hiyo karatasi inakulazimisha uifanye. Kioo kinakuruhusu uiruke.

Ongeza na hili: mwaka 2025 meli nyingi zilizopita Ghuba na Bahari ya Shamu ziliripoti mawimbi ya GPS kuvurugwa, vioo vikawaonyesha mabaharia mahali wasipokuwepo. Ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye meli za Oman na Ghuba wanajua hali hiyo. Mwambao wetu una utulivu zaidi, lakini funzo ni lilelile. Asiye na njia ya pili ya kujua alipo, hana njia.

Je, karatasi inakufa?

Wauzaji wa plota hupenda kusema karatasi imekwisha. Ukweli una pande mbili. Mwaka 2022 Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza ilitangaza nia ya kuacha kuchapisha ramani za karatasi kufikia mwisho wa 2026. Watumiaji walipinga, na muda ukasogezwa hadi angalau 2030. Marekani tayari imeacha ramani zake za jadi za karatasi, ingawa bado inawezekana kujichapishia ramani kutoka data zao za elektroniki. Kwa meli kubwa za kimataifa, kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari zilianza mwaka 2012 kuzitaka ziwe na mfumo rasmi wa ramani za elektroniki, hatua kwa hatua hadi 2018. Kanuni hizo hazihusu boti yako ya futi 28.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: karatasi ya leo itakufaa miaka mingi bado, lakini usisubiri hadi 2030 ndipo uitafute. Na ukinunua, nunua iliyo asili. Nakala ya fotokopi ya rangi nyeusi na nyeupe inapoteza kijani cha sehemu zinazokauka maji yakipwa na buluu ya maji mafupi, tena mashine ya fotokopi ikibadilisha ukubwa kidogo, kipimo chote kinaharibika.

Chagua kwa chombo chako

*Ngalawa au mtumbwi unaovua huku ukiiona nchi kavu.* Usinunue ramani yoyote kwanza. Fedha zako ziende kwenye jaketi la kuokolea maisha, dira ndogo na jedwali la maji la bandari iliyo karibu. Alama za nchi kavu unazozijua tangu utoto ni bora kuliko kioo cha mtu mwingine.

*Boti ya faiba inayovuka mlango, ya uvuvi au ya watalii.* Programu ya simu ndiyo chombo chako kikuu, na karatasi moja ya eneo zima ndiyo ya pili. Usiache moja kwa sababu ya nyingine. Ukiwa na simu ya zamani isiyotumika, pakua ramani humo pia, iweke ndani ya mfuko mkavu, imezimwa.

*Jahazi la mizigo.* Mwendo ni wa taratibu, safari inalala njiani, na umeme ni haba. Anza na seti ya karatasi na GPS ndogo ya mkononi inayotumia betri za kawaida, kisha simu. Anayepita mkondo wa Mkanda kule Lamu, ambako lazima usubiri maji yajae, atahitaji jedwali la maji kuliko kioo.

*Boti ya abiria ya kulipia.* Plota yenye kipima kina, simu kama akiba, na karatasi zilizosahihishwa. Hapa unabeba roho za watu. Waulize Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kama uko Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kama uko visiwani, au Mamlaka ya Bahari ya Kenya, sheria inataka nini kwa chombo chako. Mpeleke nahodha wako akajifunze kusoma ramani kwenye chuo kama kile cha bahari cha Dar es Salaam au cha Mombasa. Ada ya kozi ni sehemu ya bei ya ramani.

Kabla hujalipa

Tazama kona ya chini kushoto ya karatasi ya Admiralty uone imesahihishwa hadi tangazo lipi. Hakikisha kina ni kwa mita. Kumbuka kwamba kina kilichoandikwa ni cha maji yaliyopwa sana. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 4, kwa hiyo pasipopitika saa tatu asubuhi panaweza kupitika saa tisa. Kwenye simu, linganisha programu mbili mahali unapopajua vizuri, uone ipi inalionyesha fungu lako la nyumbani. Ile isiyoliona usiinunue. Na kabla ya kulipia mwongozo wa pwani, jua kwamba serikali ya Marekani hutoa bure mtandaoni kitabu cha maelekezo ya safari za Afrika Mashariki, chapisho namba 171. Maelezo ya alama na rangi za ramani nayo hupatikana bure. Kiingereza chake si kigumu kwa baharia aliyezoea kazi.

Hukumu

Kama una shilingi 400,000 tu, na boti yako huvuka mlango, zigawe hivi: usajili wa mwaka mmoja wa programu, 125,000, karatasi moja ya eneo lako, 100,000, dira nzuri, 80,000, mfuko wa simu na pawabenki, 65,000, rula, bikari na penseli, 30,000. Ukipata zaidi mwakani, ongeza karatasi za milango unayoingia. Plota ije baadaye, na ije na kipima kina.

Kisha usiku wa kuamkia safari, kabla ya kulala, ifungue karatasi chini ya taa. Chora njia, tafuta kila fungu lililo karibu nayo, lizungushie duara, andika saa ya maji kujaa, ndipo uihamishie njia hiyo kwenye simu. Itakuchukua nusu saa. Fungu la Maziwe litakuwa palepale kesho asubuhi, chini ya maji. Lione leo.